Duara Ambalo Halikuchorwa

Kijijini Mpemba, siku ya Jumanne

Mama mkwe anaficha kitu. Leo tulikwenda naye kliniki, na nesi alituchorea ukoo wetu, miraba kwa wanaume na maduara kwa wanawake. Duara la binti yetu Neema alilijaza wino lote, kwa sababu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na mume wangu Amosi alitujaza nusu nusu, maana tunaubeba bila kuugua.

"Mama Neema, mtoto amerithi kwenu wote wawili," akasema.

Na mimi tangu Neema augue naambiwa na wakwe zangu kwamba ugonjwa huu nimekuja nao kutoka kwetu Isongole!

Nesi akamuuliza mama mkwe kama aliwahi kufiwa na mtoto mdogo. "Hakuna, mwanangu," akajibu, upesi mno. Amosi akainamisha kichwa. Nikajiuliza, kwa nini?

Tulipofika nyumbani nilimbana Amosi. Akasema, "Kulikuwa na dada yangu, Tumaini. Alikuwa anavimba vidole kama Neema, analia na maumivu. Alipofariki akiwa bado mdogo, mama alitukataza kumtaja."

Kwa hiyo alijua. Miaka yote hii akaniacha nilaumiwe peke yangu.

Sasa amelala hapa kando yangu. Namtazama tu, nikijiuliza ni mangapi mengine aliyokatazwa kuniambia.