Makoye na Maua ya Mayu

Ushirombo,
Bukombe.
12 Oktoba 2025

Mpendwa Dada Bernadina,

Shikamoo dada, na Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Songea? Mgongo umeacha kukusumbua? Shemeji Deusdedit na watoto wazima? Sisi huku Mungu anatushika, ila mimi mdogo wako nakaribia kupasuka. Nimeona nikuandikie, maana nikipiga simu mdogo wetu Makoye anasogea kusikiliza.

Blessing amepata kipaimara mwezi wa nane. Alipendeza. Alikuwa anakuulizia wewe tu.

Sasa ya maua. Unayakumbuka yale mekundu ya mama yetu Mayu, ya mviringo kama mpira, aliyoyatoa kwenye kichuguu alipoolewa? Baada ya mazishi wewe ulifukua vitunguu vya maua hayo kidogo ukaenda navyo. Vilivyobaki nilivihamishia kando ya kaburi lake, chini ya mparachichi, maana maua yale hayataki jua. Nilitaka yachanue Siku ya Marehemu Wote, Padre akija kubariki makaburi. Mwaka huu nimemwomba Mungu hilo tu. Hilo tu, dada!

Wa kwanza kuniudhi ni Baba Blessing. Nimetoka jumuiya, namkuta juu ya mparachichi na panga, matawi yote chini. Eti, "Mama Blessing, mmea gani usiotaka jua?" Nikamwambia haya si mahindi, mume wangu. Udongo ulikauka mpaka ukapasuka. Ikabidi nijenge kibanda cha nyasi ili kivuli kirudi, majirani wakaniuliza kama nafuga kuku makaburini.

Halafu huyu kitinda mimba wetu. Duara lao, lile shimo la dhahabu kule Nyarugusu, limejaa maji, basi amerudi nyumbani hana kazi. Unajua kiangazi vile vitunguu vinalala, huoni jani wala nini. Makoye kila asubuhi anafukua kimoja, anakibonyeza, anakinusa, anakirudisha. Nikiuliza, "Napima sampo, dada, kama tunavyopima mawe ya dhahabu. Utakaaje juu ya duara hujui chini kuna nini?" Chini kuna kitunguu, Makoye! Vingine amevirudisha mizizi ikiangalia mbinguni. Vimeoza, vinanuka.

Tena watu wamemwona akichimba, wakaanza kusema Mayu amelala juu ya mwamba wa dhahabu. Nimefukuza vijana wenye sururu kaburini kwa mama yangu, mimi, na rozari shingoni!

Jana nikachukua fimbo. Nikamkuta amepiga magoti, mkono umezama kwenye udongo. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Akasema bila kuutoa mkono, "Dada, mlipomzika mimi nilikuwa shimoni. Sikumwona. Naangalia tu kama kuna kitu chake kinaishi."

Dada, fimbo iliniponyoka. Nilipiga magoti pale pale tukasali Salamu Maria. Akakosea katikati, hajasali siku nyingi huyu, nikamsahihisha.

Lakini usidhani hasira imeisha. Vitunguu vizima vimebaki viwili, na mvua ya kwanza imeshanyesha. Tafadhali, Ngassa jirani yetu aliyekuletea barua hii anarudi na lori la mahindi. Mpe vichache vya kwako. Huko mvua bado, najua vimelala. Vifunge kwenye maranda makavu, visiguse maji. Makoye atavipanda mwenyewe, shingo juu, halafu asiviguse tena. Nimemwapisha mbele ya msalaba wa Mayu.

Kiapo cha mchimbaji unakijua. Ila leo asubuhi nimechungulia, nimemkuta ameketi kando ya kaburi, mikono yake yote miwili ameikalia.

Nisalimie Shemeji, nisalimie binti yako Juliana na mwambie ile kanga imenienea. Baba Blessing anakusalimu, ingawa simsemeshi sana. Mungu akulinde na akuponye huo mgongo, uje upige magoti hapa na sisi.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Sesilia