Jicho la Kuume la Masika

Jumatatu, 6 Oktoba
Butembo. Umeme hakuna. Nimeingiza takwimu za mradi wetu kwa betri mpaka ikazimika. Kila mgonjwa, kila miezi mitatu: macho, miguu, dawa. Ugonjwa wao ni adimu. Kinga ya mwili inashambulia neva za macho na uti wa mgongo, badala ya vijidudu. Daktari wetu anasema faida ya kumbukumbu hizi itaonekana baada ya miaka mingi. Mimi naona mafuta ya jenereta yanakwisha.

Keshokutwa Musienene, kwa Masika, yule mshonaji. Jicho lake la kushoto lilikufa kabla hatujamwandikisha. La kuume halijabadilika kamwe. Ndiye mgonjwa wangu bora.

Jumatano, 8 Oktoba
Matope njia nzima. Mama yake alikwisha kunifungia viazi, kama kila mara.

"Docta, sauti yako imekonda," Masika akasema. "Kule Butembo munakulaka nini, makaratasi?"

Tukacheka. Mimi si daktari. Nimechoka kuwaambia.

Bango la herufi lililowa njiani. Nikatundika la akiba, lenye mpangilio mwingine. Masika akasimama mahali pake, akafunika jicho la kushoto, akasoma mistari yote bila kusita. Alisoma bango la zamani. Hakuna mstari hata mmoja uliofanana na ulioko ukutani.

Niligeuka kulitazama bango. Mama yake akaelewa.

"Tulimufundisha," akasema. "Kama katekisimu. Tuliogopa akishindwa mutamufukuza mu projet."

Walianza mwaka jana, jicho lilipoanza kufifia. Sasa kuna ukungu mpya, tangu Jumapili iliyopita. Vidole vyangu anavihesabu nikivileta karibu na pua yake tu.

Nimempakia kwenye pikipiki pamoja na mama yake, nikaja nao hospitalini Butembo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Daktari hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Anataka dawa kali ya kupitisha kwenye mshipa, leo, si kesho. Kila siku inayopita neva inakufa zaidi. Nimezunguka maduka yote ya dawa mjini. Hakuna. Akiba iko Beni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Barabara ya Beni imefungwa. Watu wameuawa njiani tena. Nimemwomba dereva mmoja anayepeleka mizigo huko.

"Grand, hiyo dawa ni ya mutu moja," akasema. "Mu gari tunakuwaka wengi. Fanya hesabu."

Nilimchukia, na ana haki.

Jumapili, 12 Oktoba
Masika anatambua dirisha, basi. Mama yake anasali rozari kando ya kitanda, tangu asubuhi. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nikatoka nje.

Jumanne, 14 Oktoba
Msafara wa magari wenye ulinzi umepita kutoka Beni. Dawa imefika, wameanza kumtundikia saa sita.

Sina matumaini. Ninaandika hivyo ili nisijidanganye kesho.

Ijumaa, 24 Oktoba
Daktari amemmulika. Haoni kitu. Hata mwanga.

Masika ameuliza cherehani yake iuzwe au ibaki.

Jioni nimeweka alama kwenye vipimo vyote vya jicho lake tangu mwaka jana: si vya kutegemewa. Nilijivunia namba hizo. Zilikuwa za kukariri tu. Kosa lao ni woga. Langu ni kutobadilisha bango. Sijui wengine wangapi wamekariri. Naichukia kazi hii.

Jumatano, 7 Januari
Musienene. Sikutaka kwenda. Fomu haimtoi mtu kwa sababu amepofuka.

Masika alikuwa mlangoni anapukuchua maharagwe. Anafanya kwa haraka kuliko mama yake. Nilipima miguu: nguvu ipo. Macho sikugusa.

Akauliza kama kuna wengine wenye ugonjwa kama wake. Majina siruhusiwi kuyataja. Nikasema yuko mmoja Kyavinyonge, anashona nyavu.

"Anaona?"

"Hapana."

"Na nyavu anashona?"

"Anashona."

Akaendelea na maharagwe. Mvua ilianza, tukahamisha beseni ndani. Nilikuwa nimekwisha kufunga begi aliposema, "Muzee, umuambie huyo wa Kyavinyonge kwamba na miye niko."

Sheria hairuhusu. Ijumaa nitapita Kyavinyonge.