Jumamosi ya Mbio za Mteremko

Baba yangu mpendwa,

Leo nimekuja nyumbani kwako Vällingby kufungasha vitu vyako, lakini nimefika kwenye kochi nikashindwa kuendelea. Acha kwanza nizungumze nawe.

Hukuwahi kuvaa skii za kutelezea kwenye theluji hata siku moja, ila michezo ya majira ya baridi ilipofika hukukubali kupitwa na mbio za wanaume za kuteremka mlima. Nilipokuwa mdogo ulinikalisha hapa, tukawatazama wale vijana wakijirusha bondeni kwa kasi ya gari. Dereva wa basi wewe, kila walipofika kwenye kona mguu wako ulikanyaga zulia ukitafuta breki. Nilikucheka kwa Kiswidi, ukanijibu kwa Kiswahili, tukaelewana vizuri tu. Mtu akianguka ulifumba macho na kuniuliza, "Ameinuka?" Hukuyafumbua mpaka nikuambie ameinuka.

Mwaka huu ulinipigia simu siku mbili kabla ya mbio. Nilipokuuliza hali ukasema uko sawa, ni kifua tu kinakusumbua kidogo, labda baridi. Kisha ukasema, "Jumamosi njoo tuangalie mbio, mama." Mama, ndivyo ulivyoniita tangu nizaliwe.

Watu wa rika lako hamsemi "naumwa, nisaidie." Mnamwita mtu chai, aje ajionee mwenyewe. Mimi nimekulia hapa, ambako mgonjwa anasema wazi panapomuuma, kwa hiyo nilisikia mwaliko wa kuangalia runinga tu. Tena mimi ni muuguzi, Baba. Wazee wa watu nawatambua kuwa wanaumwa kwa namna wanavyoshika kikombe, na wewe sikukutambua. Nikakwambia nina zamu. Ukasema hakuna neno, kazi ni kazi.

Jumapili asubuhi Mama Furaha, jirani yako Mkongo, aligonga mlango ili mwende kanisani kama kawaida. Hukufungua. Moyo ulikuwa umesimama usiku.

Kwenye matanga alinishika mkono akanieleza kwamba Jumamosi alikuletea supu, akakukuta mbele ya runinga umeshika kifua. Alitaka kunipigia, ukamkataza.

"Mwache," ulimwambia. "Leo yuko na wagonjwa wake."

Alinieleza ili nipoe. Watu wote wamenifariji kwa maneno hayo: kwamba nilikuwa kazini, kwamba ulijivunia kazi yangu, kwamba nisijilaumu. Nimeitikia, nimewashukuru, nimewapakulia chakula. Nimekonda, Baba, na wanadhani ni msiba peke yake.

Sikuwa na zamu. Nilikuwa nyumbani Sundbyberg, nusu saa tu kutoka hapa, nimejifunika blanketi, naangalia mbio zilezile kwenye simu. Nilikuwa nimechoka, sikutaka kuvaa koti na kutoka kwenye baridi.

Sijamwambia mtu mwingine. Nisamehe, Baba, na upumzike.

Ni mimi,
kifungua mimba wako