Namba za Gari la Ustadh Tahsin

Alhamisi, 17 Januari 1991

Wameanza! Ndege za Wamarekani na wenzao zimepiga usiku kucha, mlango wa jikoni umeng'oka. Nilifurahi.

Leo ilikuwa zamu ya Mama kusafishwa figo. Ustadh Tahsin, Mpalestina aliyepanga nyumba yetu ya uani, kampeleka kama kawaida. Alikubali kubandika namba za Iraki, maana tangu Wairaki waiteke Kuwait, asiye nazo hauziwi petroli wala hapiti vizuizini. Sisi tulikataa. Wazalendo! Gari letu limelala gereji, sisi na uzalendo wetu tunapanda lake.

Jumapili, 24 Februari

Majeshi ya nchi kavu yameingia, redio imesema. Visima vya mafuta vinaungua, moshi umeziba jua, mchana tunawasha mishumaa. Nguo nilizoanika zimekuwa nyeusi. Mwanajeshi wa Iraki kapita akikokota jokofu la jirani. Kuwait inateketea, yeye jokofu!

Jumanne, 26 Februari

Wairaki wamekimbia!! Mama kapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mtaa mzima nje, bendera, honi. Tahsin hakutoka. Alisema atafurahia ndani na mkewe. Sikumwelewa.

Jumamosi, 2 Machi

Kaka yangu Mishari karudi kutoka Taif, Saudia, alikokimbilia. Miezi saba hotelini — amenenepa! Manukato, kanzu nyeupe, bunduki mpya begani. Hata kumuuliza Mama hali hajamaliza, anataka kujua nani mtaani alibandika namba za Iraki. Wote wasaliti, ati. Nikamweleza lile gari lilimbeba nani, kila wiki, mabomu yakianguka.

"Mngemwambia Mama avumilie," akasema.

Avumilie! Figo! Nilitoka nje nisije nikamtapikia.

Jumatatu, 4 Machi

Wamemchukua Tahsin. Vijana wanne wenye bunduki, Mishari mbele yao. Mmoja kabeba zile namba kwapani, ushahidi. Rihab, mkewe, alishika geti tu, hakulia. Mimi nilipiga kelele, nikasukumwa ndani na ndugu yangu wa tumbo moja. Anahojiwa tu, akasema. Vile alivyoitamka hiyo "tu"! Kisha akaketi, akala wali na kondoo, akaomba aongezwe. Namchukia. Nimeandika, na sifuti.

Mama alimwambia, "Gari lile nilipanda mimi. Nipeleke na mimi nikahojiwe."

Mishari akacheka, akasema ugonjwa umempanda kichwani.

Jumanne, 5 Machi

Zamu ya Mama. Wiki iliyopita hakusafishwa, hospitali haikuwa na umeme. Miguu imevimba, viatu haviingii. Mishari kaleta gari lake jipya mpaka getini.

Mama kakataa kupanda.

"Mwenye kunipeleka hospitali mnaye nyinyi," kamwambia. "Mlete, niende."

Mishari kabembeleza, kamwita "mama yangu kipenzi", kafoka. Sasa ananitaka mimi nimshike mkono Mama, tumwingize kwa nguvu. Rihab anatutazama kutoka mlangoni kwake. Mama kaketi kizingitini na baibui lake, anahema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Daktari anaondoka saa sita.

Mishari anapiga honi. Hajazima injini.