Mwanya wa Mama

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai wewe, shemeji na wanao hamjambo. Huku tu wazima, na Mama anatafuna karanga. Ndiyo, karanga.

Unakumbuka alivyokuwa akicheka mpaka majirani wanauliza kuna nini? Tangu ang'olewe meno ya juu, akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Meno ya bandia yalimporomoka kila mara, maana mfupa wa taya umelika. Iliniuma, mimi ninayewatengenezea watu meno.

Basi tukampiga picha taya, nikalichunguza kwenye kompyuta, bonde kwa bonde. Nikachora kiunzi cha kukalia mfupa wake yeye tu, mashine ikakichapa kwa kuyeyusha unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka. Marehemu Baba angesema ni uchawi, yeye aliyeshinda akitengeneza meno kwa jasi, nta na kisu chake kidogo, sisi tukimwibia nta ya kutafuna. Jamani, siku zile nazililia.

Daktari alikipandikiza salama. Yakabaki meno ya kufunga juu yake. Kompyuta ilinipangia meno yaliyobanana, mazuri kweli, ya tangazo la dawa ya meno. Nikakataa. Mama bila mwanya ni mama wa watu wengine.

Ila mwanya wake ningeupimia wapi? Hapa ndipo penye lililonikaa kooni miaka thelathini. Ile sanamu ya jasi ya kinywa cha Mama aliyoitengeneza Baba, uliyochapwa kwa kuivunja, niliivunja mimi. Niliichezea, ikaniponyoka. Wewe ulilia, mimi nikala chakula changu na kulala.

Sanamu ya kinywa chako, nayo kazi ya Baba, ingalipo kabatini, na jina lako kwa penseli. Wewe na Mama ni shilingi kwa ya pili, basi nikapima mwanya wako, nikautia kwenye meno mapya, nikamwambia Mama ni wake.

Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akasema, "Huu ni wa binti yangu. Wangu ulivunjika, nikamchapa."

Nikamwambia yote. Alicheka, Dada, cheko lile lile la zamani, halafu akalia, na mkono hakuupeleka mdomoni. Akasema niandike mwenyewe, na niongeze kwamba naye anakuomba radhi.

Nisamehe. Nibusie wapwa zangu, na shemeji mpe salamu. Ukija, Mama atakupokea mlangoni akicheka kwa mwanya wako.

Ni mimi mdogo wako,
Mwizi wa Nta