Mto wa Kiti cha Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu pamoja na za Mama, ambaye amenisimamia mgongoni akitaka za kwake zitangulie. Natumaini kazi haijakumaliza na kile kikohozi kimekuachia usingizi. Sisi huku tunashukuru. Cherehani yangu siku hizi inakula mafuta kuliko inavyoshona, lakini hatujalala njaa.

Nianze na la kufurahisha. Mto wa kiti cha Baba umefika, ule wa kujazwa hewa, pamoja na kiegemeo cha mgongo na vile vya kuwekea miguu. Bima wamelipa vyote. Kidonda cha makalio kimefunga, na muuguzi ameacha kunikunjia uso. Ule mto nilioushona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa, ambao ulinisifia sana ulipouona kwenye picha, ndio uliokuwa ukimchubua. Sasa anaulalia paka, na yeye hajalalamika.

Najua ulivyogombana na watu wa bima kwenye simu, kwa kuwa Baba yumo kwenye bima ya kazini kwako. Mwanzoni walisema kiti cha magurudumu watalipa, ila mto ni starehe. Starehe! Nilitamani wakione kile kidonda. Daktari akawaandikia kwamba tangu apate kiharusi mzee hawezi kujiinua, anakaa kutwa nzima, na mto huo ndio dawa yake. Ndipo wakamtuma mkaguzi aje kujionea. Baada ya hapo wakakataa tena, na uliponiuliza sababu nilikuambia muhuri wa daktari haukusomeka. Haukuwa muhuri, dada.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye begi kubwa la bluu. Alipopiga hodi, Baba alikuwa kitini kando ya dirisha. Unamjua Baba. Mtu aliyemaliza ujana wake mahakamani akiwaamuru watu wasimame hakimu anapoingia, leo mgeni aingie kwake yeye amekaa? Akashika nondo za dirisha, zilezile anazofanyia mazoezi na mtaalamu wa viungo, akajivuta mpaka akasimama. Miguu ilimtetemeka na jasho likamtoka, lakini alimpa mgeni mkono na kumkaribisha vizuri. Mimi mpumbavu nikapiga makofi, maana hakuwahi kusimama kwa muda mrefu namna ile. Mkaguzi akatabasamu, akaandika kwamba mgonjwa anasimama mwenyewe. Kwa sheria zao, anayeweza kujiinua hahitaji mto. Adabu ilimponza mzee.

Ulipokata rufaa, wakasema mkaguzi atarudi. Asubuhi hiyo nilimnyoa Baba ndevu, nikamwambia leo hata akiingia nani, asiinuke. Akaniuliza, hata kama ni yule mama mtu mzima? Nikamjibu, hata kama ni hakimu. Mkaguzi alipoingia, Baba alibaki kitini, mikono mapajani, akamsalimu huku ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekosa. Nami nilifurahi, dada. Nisikufiche, nilifurahi sana.

Mama ametoka kuanua nguo, acha niliseme kabla hajarudi, kwa kuwa yeye anaamini ni uchovu tu. Baba hasimami tena. Tangu siku ile hajazigusa zile nondo. Mtaalamu wa viungo anakuja, anambembeleza, Baba anamwambia magoti yanauma, labda kesho. Miguu imeanza kukonda. Juzi nilipiga magoti mbele yake nikamsihi ajaribu hata kidogo, tuko wawili tu. Akatazama mlangoni kwanza. Halafu akaniambia polepole: "Nikisimama, mwanangu, watakuja kuuchukua."

Nilitaka kumwapia kwamba hawatauchukua. Lakini barua yao inasema watakuwa wakirudi kukagua, na wewe na mimi tunajua wakimkuta amesimama wataandika nini. Nilimtafutia mto, nikamnyang'anya miguu, na sijui namna ya kumrudishia. Usiku huwa nafikiri ningemwacha tu na adabu yake, kisha nakumbuka kile kidonda, nami nakwama palepale.

Nimeyaandika haya kwa sababu unakuja, na mimi ndiye niliyekuahidi kwamba utamkuta akikupokea kwa miguu yake. Jana nilimpa habari kwamba unakuja. Alicheka mpaka machozi. Kisha akaniuliza kama nawe utatakiwa kuandika chochote. Nikamwambia, Baba, huyo ni binti yako. Akasema anajua, lakini bima ni ya kazini kwako, kwa hiyo heri akupokee akiwa amekaa.

Basi ukifika, usisimame mlangoni ukimngoja. Nenda umwinamie.

Mama amerudi na nguo, anasema ulete koti zito. Wasalimie shemeji na watoto, na unisamehe ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba