Anil Avaa Utepe wa Unahodha

Mama Achieng wangu,

Hamjambo huko Kisumu? Mimi mzima, ila baridi ya Birmingham inaingia mpaka kwenye meno. Unamkumbuka Anil, yule beki Mhindi niliyecheza naye Goa, aliyevunjika mguu na daktari akasema mpira basi? Leo nimemwona akiingia uwanjani hapa, tena akiwa nahodha!

Mvua ilinyesha mechi nzima. Kando yangu alikaa mzee mmoja Kalasinga. Aliponisikia nikipiga kelele, "Kaba, Anil, kaba!" akageuka.

"Kumbe Mkenya! Mimi nilizaliwa Nakuru."

Akanieleza kuwa alipohamia huku akiwa kijana alikuwa beki pia, lakini hakuna timu iliyompa namba. "Walisema sisi Wahindi mpira hatuuwezi."

Dakika za mwisho tulikuwa tukiongoza kwa bao moja. Mshambuliaji wao akampiga chenga kipa, akapiga shuti. Anil akajirusha, akautoa mpira kwa kichwa pale pale mstarini. Uwanja mzima ukasimama kuimba jina lake.

Filimbi ilipolia alikuja kunikumbatia, matope mwili mzima. Nikamjulisha kwa mzee, na mzee machozi yakamtoka. Anil akainama akamgusa miguu, kama wanavyowaheshimu wazee kwao. Niliona fahari, mke wangu, utadhani ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Sasa tuko kwa mzee, mtaa wa Lozells, na mkewe anatukaangia bhajia. Nawabusu wewe na watoto. Mungu awatunze mpaka nifike.

Wako,
Otieno